Mashine Haijui Sitara



Limezuka jambo jipya duniani, na kila linalozuka huko hatimaye hubisha hodi kwetu. Ugenini wamefungua vyuo ambamo ngoma na kompyuta hufundishwa chini ya paa moja. Mchezaji wa huko havai njuga. Huvalishwa nguo ya kubana yenye vitufe vidogo vinavyong'ara: kimoja begani, kimoja kiwikoni, kimoja nyongani, kimoja gotini, na hata kwenye vifundo vya miguu. Kamera zimemzunguka pande zote. Anapocheza, kamera hizo hazishughuliki na sura yake. Huvifuata vile vitufe tu, na kompyuta hupiga hesabu ya mahali kilipo kila kimoja, mara makumi na pengine mamia katika sekunde moja. Ngoma ikisha, mtu huvua nguo ile akaenda zake. Mwendo wake hubaki.

Nataka tulishike neno hilo la mwisho, maana ndilo shina la maneno yangu yote. Mwendo wake hubaki, tena hubaki bila yeye. Umekuwa kiunzi cha vitone ndani ya mashine, na mwenye mashine aweza kukivisha kiunzi kile umbo lolote apendalo: la mwanamume au la mwanamke, la mnyama, la mtu aliyevaa au la mtu aliye uchi. Mwaka 1999 mchezaji mashuhuri wa Marekani, Bill T. Jones, alichukuliwa mwendo wake kwa namna hii na mafundi wawili wa kompyuta, na kazi iliyotoka wakaiita Ghostcatching, maana yake kunasa mizuka. Hawakuficha jina. Walijua wanalolifanya: wameushika mwendo wa mtu, na mtu mwenyewe hayumo.

Sasa nisikilize vizuri, maana najua wako watakaoikunja karatasi hii wakisema, "Ah, ni yule yule anayekataza ngoma." Sikuja kukataza kila ngoma. Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.) siku ya Idi, na Bi Aisha (R.A.) akawatazama, na khabari hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Duf lapigwa katika arusi zetu, na maulidi ya homu yaimbwa Unguja kwa viwiliwili vinavyoinama na kuinuka pamoja kama mawimbi. Wanazuoni wamekhitalifiana katika mengi ya haya, na mimi si mtu wa kuingia baina yao.

Lakini hata wale waliokuwa wakali zaidi juu ya ngoma, ukali wao ulikuwa na sababu zake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika katika gazeti lake la Al-Islah, lililoanza mwaka 1932, akizikemea ngoma za mji na fedha zilizopotea ndani yake. Na kwa hakika mambo yenyewe yalikuwa makubwa. Vyama vya lelemama vilishindana kwa nguo na karamu, na wa beni, Marini na Arinoti, wakashindana kwa tarumbeta na mavazi ya kizungu, mpaka nyumba zikaingia madeni. Israfu, kupitwa na vipindi vya sala, na kuondoka kwa haya: hayo ndiyo yaliyokuwa malalamiko ya wazee wetu.

Hata hivyo, ngoma ile ya zamani ilikuwa na mipaka mitatu ambayo hakuna aliyeitunga ila ilikuwako. Ilikuwa na usiku wake, na kulipokucha ilikwisha. Ilikuwa na uwanja wake, na aliyekuwa mtaa wa pili aliisikia tu. Na ilikuwa na watu wake, waliojuana kwa majina na kwa baba zao. Kijana aliyefanya upuuzi katika ngoma ya mwaka ule aliweza kutubu, akaoa, akalea, akawa mzee wa kushika tasbihi, na mji ukamsitiria yaliyopita. Kusahau kwa watu kulikuwa ni rehema.

Hiyo ndiyo sitara, ndugu yangu, na sitara ni nguzo ya mwenendo wetu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa anayemsitiri Mwislamu mwenziwe, Mwenyezi Mungu atamsitiri yeye duniani na akhera. Akatuonya pia juu ya mtu aliyefanya kosa usiku, Mola wake akalifunika, kisha yeye mwenyewe akaamka asubuhi akalifunua. Basi sasa tumetengeneza chombo ambacho kazi yake ni kuamka kila asubuhi na kufunua. Mola husamehe, watu husahau, lakini mashine haisamehi wala haisahau. Mashine haijui sitara.

Utasema: haya ni ya Marekani. Basi tupande pamoja mpaka Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwa watu ambao wengi wao si wa dini yetu lakini wamekwisha kuonja uchungu ninaousema. Wala huko si ugenini kwa mtu wa pwani. Misafara ya Waswahili ilikuwa ikipanda huko tangu zamani. Mwaka 1885 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa jemadari wa Sayyid Barghash, alipanda na bendera nyekundu ya Unguja, na Mangi Rindi, ambaye watu wetu walimwita Mandara, akakubali kuwa chini ya Sayyid. Hazikupita siku nyingi akafika Mjerumani, Karl Jühlke, naye ana karatasi yake. Rindi akaikubali na hiyo. Kila mgeni aliteremka mlima akiamini kuwa amepewa nchi. Je, Rindi alijua ni nini hasa alichokikubali? Swali hilo liweke kando kidogo, tutalirudia.

Baada ya Rindi alitawala mwanawe, Meli. Mwaka 1892 aliwapiga Wajerumani, mwaka uliofuata wakarudi na nguvu zaidi wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga pale pale Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Watu wake wanasema, na vizazi vyao vimeshikilia hivyo hata leo, kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Zama hizo wataalamu wa Ulaya walikuwa wakikusanya mafuvu ya watu wa nchi hizi, wakiyapima na kuyaandika namba, wakiita elimu. Septemba 2023 huko Berlin yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu kama elfu moja na mia moja yaliyotoka Afrika Mashariki. Machache sana yalipatiwa jamaa walio hai. La Meli halikutambulikana.

Tena si mifupa peke yake iliyochukuliwa. Mmisionari Bruno Gutmann alikaa Old Moshi miaka mingi mpaka 1938. Alikuwa mtu wa bidii na aliwapenda wenyeji. Sisemi kuwa alikuwa mwizi. Wazee wakamwamini, wakamweleza mafunzo waliyokuwa wakipewa vijana wa jandoni, yaliyokuwa yakifundishwa kwa siri, kwa nyimbo na kwa ishara. Yeye akayaandika yote, yakatoka vitabu vitatu vinene baina ya 1932 na 1938, kwa Kijerumani. Leo kijana wa Old Moshi akitaka kujua babu yake alifundishwa nini, jibu limo katika maktaba za Ulaya na kwa lugha asiyoijua. Siri imetoka kwa wenyewe, na wenyewe hawanayo.

Nisemeje kwa insafu? Mashine nayo imetenda wema huko. Mwaka 2019 wasanii wa michezo ya kuigiza kutoka Berlin, pamoja na wenzao wa Tanzania, walileta Old Moshi maonyesho ya filamu juu ya Mangi Meli, yaliyotengenezwa kwa picha za zamani. Watoto wa pale wakaona historia yao ikisimuliwa. Hilo ni jambo jema, na asiyeshukuru jema ni mkosefu. Lakini tazama, msomaji: picha imerudi, kichwa hakijarudi. Mashine ni hodari wa kuleta vivuli. Vitu vyenyewe hukaa kule vilikopelekwa.

Kwa hiyo Old Moshi limechukuliwa vitu viwili: viungo vya watu wake, kisha mafunzo ya wazee wake. Cha tatu, ambacho hawakukiweza Wajerumani wa 1900, ni mwendo wa mtu aliye hai. Na hicho sasa chaombwa kwa heshima zote, kwa tabasamu, na pengine kwa posho.

Wala usidhani vyuo hivyo viko ng'ambo tu. Bagamoyo, mji wa Sheikh Ramia na wa zikri, pana Chuo cha Sanaa tangu mwaka 1981, ambacho mwaka 2007 kiligeuzwa kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Vijana hufundishwa huko ngoma za makabila, muziki na maigizo, na kadhalika ufundi wa jukwaa na wa picha. Sikisemi chuo hicho kwa ubaya. Kimewapa watu riziki, na kimetunza ngoma ambazo zingekufa. Nasema tu kwamba ngoma na mitambo zimekwisha kukaa jirani hapa hapa pwani, na kutoka kamera ya kawaida kufika kwenye ile ya kunasa mwendo si mbali tena. Zipo leo programu zinazoweza kuutoa mwendo wa mtu katika picha ya simu, bila vitufe wala nguo ya kubana.

Ngojea, nikuambie lililonitisha zaidi. Sisi tumezoea kusema: binti yangu amevaa buibui na nikabu, basi amesitirika. Lakini mwendo wa mtu ni kama alama ya kidole. Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba huko China vyatumika vyombo vinavyomtambua mtu kwa hatua zake tu, hata akificha uso, hata akiipa kamera mgongo. Na sisi ndio umma ulioambiwa jambo hili mapema! Katika Sura An-Nur, aya ya 31, wanawake waumini wameamrishwa wasipige miguu yao chini hata likajulikana pambo walilolificha. Luqman naye, katika kumuusia mwanawe, hakuacha kumuusia juu ya mwendo wake. Mwenyezi Mungu ameuhesabu mwendo wetu kuwa ni katika mambo ya haya. Sisi tukaona ni jambo dogo, mpaka wafanyabiashara wakatuonyesha kuwa lina bei.

Na bei ipo. Mwaka 2018 baadhi ya wasanii wa Marekani waliwashtaki wenye mchezo wa kompyuta uitwao Fortnite, wakidai kuwa miondoko yao ya ngoma imechukuliwa ikauzwa ndani ya mchezo huo bila idhini. Mwaka uliofuata mashtaka hayo yaliondolewa mahakamani, maana sheria ya huko ilitaka kwanza haki iwe imeandikishwa. Ikiwa watu mashuhuri wenye mawakili wamehangaika namna hiyo, mtoto wa Pangani au wa Lamu atamshtaki nani, na kwa nauli gani?

Mpaka hapa, msomaji, huenda unatikisa kichwa ukiafikiana nami, na umekaa raha kwa sababu maneno yanawahusu wengine. Basi sasa yakuhusu wewe.

Chuo cha kwanza cha ngoma na mashine tumekifungua sisi wenyewe, majumbani mwetu. Wewe baba, ulipomwoza binti yako, ulimlipa mpiga video aingie hadi ukumbi wa wanawake, mwanamume mzima na taa yake, mahali ambapo wewe mwenyewe, baba wa bibi arusi, uliona haya kupita. Wewe mama, usiku wa kupamba, wanawake wamevua mabuibui yao kwa kuaminiana, wamejifunga leso viunoni, wanacheza chakacha kama walivyocheza bibi zao, nyuma ya milango iliyofungwa. Walikuwa katika sitara. Ukanyanyua simu. Ulitaka kumwonyesha dada yako aliye Maskati tu! Dada akampelekea wifi yake, wifi akampelekea rafiki, na rafiki ana mume. Kabla ya fungate kwisha, mke wa watu alikuwa amechezeshwa mbele ya wanaume asiowajua.

Mlango ulifungwa kwa komeo na bawabu alikuwapo, ila wewe ulikuwa tundu la ukuta.

Baadhi ya nyumba za pwani, Mungu awalipe kheri, zimeanza kuzikusanya simu mlangoni siku ya shughuli za wanawake. Wako wanaonung'unika kuwa ni ushamba. Mimi nasema huo ndio uungwana. Kumwalika mtu nyumbani kwako ni amana, na anayevua buibui lake chini ya dari yako amekukabidhi heshima yake.

Kwa hiyo tusiende kuvipigia kelele vyuo vya watu ilhali uwanja wetu haujafagiliwa. Nyani haoni kundule. Tuanze nyumbani, kisha ndipo tutakapokuwa na uso wa kusimama mbele ya taasisi yoyote tukasema masharti yetu. Na masharti tunayo.

La kwanza: binti zetu wasicheze mbele ya mashine ya kunasa mwendo, si kwa posho, si kwa cheti, si kwa jina la kuhifadhi utamaduni. Utamaduni wa mwanamke wa pwani ni kwamba ngoma yake ina mlango. Ukiuondoa mlango umeuvunja utamaduni uliodai kuuhifadhi. Anayetaka kuihifadhi ngoma ya lelemama na amtume mwanamke ajifunze kwa mwanamke, kama walivyojifunza wao.

La pili: mtoto wa kiume naye ana heshima. Tusidhani kuwa haya ni ya wasichana peke yao. Kijana wa miaka kumi na minne hajui atakuwa nani akiwa na arobaini. Pengine atakuwa imamu. Msimtilie sahihi ya milele kwa furaha ya siku moja.

La tatu: ikiwa mtu mzima, kwa hiari yake na katika jambo lisilo haramu, ataombwa mwendo wake au sauti yake, na karatasi isomwe kwanza, kwa Kiswahili, nyumbani, mbele ya watu wake. Aulize: vitawekwa wapi? Nani atavitazama? Vyaweza kuvishwa umbo jingine? Vitauzwa? Nikitubu kesho, vitafutwa? Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za mtu tangu mwaka 2019, na ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 2022, ilianza kazi Mei 2023. Haki iliyoandikwa isipodaiwa ni wino tu. Mwulizeni mwanasheria kama mnavyomwuliza sheikh.

La nne ni la masheikh wetu na walimu wa madrasa. Mjifunze mashine hizi. Haitoshi kusimama juu ya mimbari mkasema ngoma ni haramu au si haramu, kisha mkashuka. Vijana wetu hawaulizi tena juu ya zumari na msondo. Wanauliza: je, ni halali kuuza mwendo wangu? Je, kiunzi cha vitone kilichotokana na mwili wangu ni mimi au si mimi? Akikivisha mtu uchi, nani mwenye dhambi? Maswali haya yataka fatwa kutoka kwa mtu aliyekwenda akaitazama kamera ile ikifanya kazi, si kwa aliyehadithiwa.

Sasa turudie swali letu la Mangi Rindi. Mimi sidhani alikuwa mjinga. Alikuwa mtawala mwerevu, na aliwatazama wageni wote wawili kwa akili yake. Lakini yeye alidhani anapokea wageni, nao walidhani wanapokea nchi. Maana ya karatasi ile haikuwa katika maneno aliyofasiriwa, ilikuwa katika yale ambayo mwenye karatasi aliweza kuyafanya baadaye. Nawe mzazi, ukiletewa karatasi ya kuchukua mwendo wa mwanao, usiitazame kwa tabasamu la aliyeileta. Itazame kwa uwezo wa mashine aliyonayo, na kwa uwezo wa yule atakayeinunua mashine hiyo miaka ishirini baadaye, ambaye hujamwona wala hatakuja kukupa mkono.

Na mwisho wa yote, tukumbuke kuwa mwendo wetu unaandikwa tangu kabla ya kompyuta kuzaliwa. Qur'ani imetueleza kwamba iko siku vinywa vitafungwa, na mikono na miguu itasema yale tuliyoyatenda. Tofauti ni hii: Mwandishi yule ni Mwadilifu, na ni Mwingi wa kusamehe, na akitaka hufuta. Mwandishi huyu mpya hana uadilifu wala msamaha, na kufuta si tabia yake. Basi haifai mtu amwogope huyu kuliko Yule. Lakini asiyemwonea haya Mola wake katika hatua zake, na asiyemhurumia mwanawe akamwachia ajiandikishe kwa mwandishi asiyejua rehema, amepungukiwa pande zote mbili.

Zikusanyeni simu mlangoni. Zisomeni karatasi. Wasitirini watoto wenu wangali wadogo, ili Mwenyezi Mungu akusitirini siku ambayo hapana sitara ila Yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.